Chupa ya Pili Ina Ushuru, na Ushuru Una Risiti

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani kutoka Glasgow nikiwa na chupa mbili za wiski sandukuni, kila moja ya sentilita 70, nimezifunga kwa kitenge na kuzibana katikati ya masweta. Moja ilikuwa ya baba mdogo, aliyenisomesha kidato cha tano na cha sita kwa kahawa ya kihamba chake, shamba la ukoo, kule Kibosho, Kilimanjaro. Ya pili ilikuwa ya kikao cha posa ya mdogo wangu, kwa sababu mbege, pombe yetu ya ndizi, ingekuwepo kwa vyovyote, lakini wazee walikuwa wameniagiza na kitu cha kuonja kutoka huko nilikokuwa.

Ndege ilitua saa tisa usiku. Sanduku lilipopita kwenye mashine, kijana mmoja alilichora alama ya chaki nyeupe, na nikaelekezwa kwenye meza ya ukaguzi. Afisa aliyekuwa pale aliitoa chupa ya kwanza, akaifungua kitenge taratibu, akasoma lebo yake, akaiweka mezani, kisha akaitoa ya pili na kuisimamisha kando ya mwenzake.

"Dada, hizi ni mbili."

"Ndiyo kaka, ni mbili. Najua moja imezidi, na ninataka kuilipia."

Akanyamaza kidogo. Kisha akachukua kile kikaratasi cha mzigo kilichobandikwa nyuma ya pasi yangu, akakigeuza, na kwa kalamu yake akaandika 40. "Ushuru wake ni mkubwa sana, dada yangu. Utaumia bure. Toa elfu 40 tumalizane, ukapumzike."

Ninaandika makala hii kwa sababu ya ile 40. Ushuru wenyewe sina ugomvi nao, na nitaeleza kwa nini, lakini tarakimu iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya kikaratasi, bila jina la kodi, bila kiwango, bila muhuri, imenikaa moyoni tangu siku ile na haitaki kutoka.

Tuanze na sheria, maana wengi wetu tunabishana mezani pale bila kuijua. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, ambayo ndiyo inayotumika kwetu Tanzania, na pia Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, inampa msafiri mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea nafuu ya pombe kali isiyozidi lita moja, au mvinyo usiozidi lita mbili. Neno lililomo humo ni "au". Nimewasikia watu wazima, wasafiri wa miaka mingi, wakidai haki ya vyote viwili kwa pamoja, na wakipandisha sauti kana kwamba wameonewa. Vilevile wapo wanaoamini kwamba chupa ya ziada inaingia ndani ya kile kiwango cha thamani ya vitu vya msafiri visivyotozwa ushuru. Haiingii. Jedwali la Tano la sheria hiyo linaitoa pombe ya kila aina nje ya msamaha huo wa jumla, na kuiachia ile nafuu yake ya lita peke yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na sanduku lenye vitu vya dola 100 tu na bado akadaiwa ushuru kwa chupa moja iliyozidi.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, huanzia kwenye yale maduka ya viwanja vya ndege yenye taa kali na manukato. Duka la kwanza la aina hiyo lilifunguliwa Shannon, Ireland, mwaka 1947, na hadi leo maneno "bila ushuru" yanayoandikwa mlangoni yana maana ile ile: nchi unayoondoka haikutozi kodi yake kwa sababu bidhaa hiyo hainywewi kwake. Nchi unayokwenda haijaahidi kitu. Mtu akinunua chupa tatu Dubai au Doha na kupewa risiti inayosema hakulipa ushuru, risiti hiyo haimkingi popote akishashuka nyumbani, na muuzaji wala hana wajibu wa kumweleza hivyo.

Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande kwa sababu mfuko ni wangu, kwamba pombe inastahili kutozwa. Mkulima wa zabibu wa Dodoma, ambaye mvinyo wake unatozwa ushuru wa bidhaa na kubandikwa stempu ya kielektroniki kabla haujafika dukani, ana haki ya kuuliza kwa nini mvinyo wangu wa ughaibuni upite bure. Tunakumbuka viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilivyopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 baada ya kuwamaliza vijana wetu kwenye vituo vya bodaboda. Nchi inayojua madhara ya pombe ya bei rahisi haiwezi kuacha mlango wa uwanja wa ndege wazi. Hilo nimelipokea.

Kilichonishinda kulipokea ni mazungumzo.

Hesabu ya kodi hii ina mpangilio unaojulikana. Kwanza hutafutwa thamani ya bidhaa. Juu yake hutozwa ushuru wa forodha kwa kiwango cha Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya, ambao tangu 2005 ngazi yake ya juu kwa bidhaa nyingi ilikuwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 iko ngazi ya nne ya asilimia 35. Kisha huongezwa ushuru wa bidhaa, ambao kwa pombe kali hupigwa kwa lita. Mwishoni kabisa hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na hiyo hutozwa juu ya jumla yote, yaani juu ya bei pamoja na zile kodi zilizotangulia. Chukua chupa ya shilingi 100,000 na uitoze ngazi ya juu kabisa: ushuru wa forodha ni 35,000, jumla inakuwa 135,000, na asilimia 18 ya hapo ni 24,300, kabla hata hujagusa ushuru wa bidhaa wa kila lita. Ni mzigo mzito, nami sisemi ni mwepesi. Lakini ni hesabu ya darasa la saba. Inaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani, na msafiri akaipiga mwenyewe kwa simu yake akisubiri mabegi.

Isipobandikwa, afisa anakuwa ndiye sheria. Msafiri aliyechoka, aliyekesha angani, ambaye nje wanamsubiri ndugu zake na gari la kukodi linalohesabu muda, anaambiwa kwamba kodi halisi "ni kubwa sana" bila kutajiwa ukubwa wake, na hapo hapo anatajiwa kiasi kidogo kinachoweza kumaliza jambo. Hofu ya kiasi kisichojulikana ndiyo inayouza ile 40. Ningekuwa nimeijua hesabu kamili tangu nikiwa Glasgow, maneno yale yasingekuwa na nguvu juu yangu hata kidogo. Na tuelewane vizuri hapa: elfu 40 ile haikuwa punguzo la kodi. Hakuna hata shilingi moja ndani yake ambayo ingefika hospitali au barabara ya kijijini kwetu. Ilikuwa ni kodi ya nchi nzima ikigeuzwa kuwa deni la watu wawili mezani, saa tisa usiku.

Nilimwambia, "Kaka, nipigie hesabu ya kisheria, unipe namba ya malipo, nitalipa kwa simu sasa hivi hapa hapa."

"Mtandao unasumbua saa hizi."

"Basi nitasubiri urudi."

Nilisubiri saa moja na dakika 50. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ile, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya niliukariri ukuta ulio nyuma yake: tangazo la kuzuia meno ya tembo, tangazo la mifuko ya plastiki, na kati yao ubao wa matangazo wa kitambaa cha kijani, mtupu, wenye pini nne. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alifunguliwa begi, chupa zikaonekana, akazungumza kwa sauti ya chini, akaingiza noti ndani ya pasi yake na kuikabidhi. Hakumaliza dakika tatu. Alipopita aliniangalia kwa huruma ya kweli, na huruma ile iliniuma kuliko usingizi, kwa sababu machoni pake mimi ndiye niliyekuwa nimekosea.

Kulipokaribia kupambazuka aliingia afisa mwingine, mama mtu mzima aliyekuwa akianza zamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekaa kwa nini hapa?"

Nikamweleza. Akaziangalia chupa, akasema zote pamoja ni lita moja na nukta nne na sheria inanipa lita moja, akaniomba risiti ya dukani, nikampa. Akaketi kwenye kompyuta ile ile iliyokuwa na mtandao unaosumbua. Namba ya malipo ilitoka, nikalipa kwa simu, ujumbe ukaingia, risiti ikachapishwa. Kazi yote ilichukua kama dakika 12. Nililipa zaidi ya elfu 40, tena zaidi kwa kiasi cha kuhisi, na sijutii hata senti, kwa kuwa risiti ile inaonyesha kila kodi kwa jina lake na kiasi chake.

Nilibishana naye jambo moja tu, kwa heshima. Alitoza chupa ya pili yote, wakati mililita 300 za chupa hiyo bado zilikuwa ndani ya lita yangu moja. Akasema chupa haigawanywi mezani: ama inapita, ama inalipiwa. Sikubaliani naye. Ikiwa ushuru wa bidhaa wenyewe unapimwa kwa lita, basi kinachozidi kinapimika, na mtu alipie mililita 400 zilizozidi. Lakini alinijibu waziwazi, akanipa sababu yake, na mbele ya mtu wa namna hiyo hata kutokubaliana kuna amani yake.

Najua watakaosema wasafiri nasi si malaika. Ni kweli. Wapo wanaoficha chupa sita na kuapa kwamba ni zawadi, na wapo wafanyabiashara wanaojifanya wageni wa harusi kila mwezi. Sheria inawasubiri: tamko la uongo mbele ya forodha linaweza kumpeleka mtu kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Kwa adhabu nzito kiasi hicho, ni haki ya msingi kwamba anayetamka ukweli apate njia ya kulipa iliyo fupi kuliko njia ya anayeficha. Kwa sasa hali ni kinyume. Mimi niliyesema ukweli nilikaa karibu saa mbili. Aliyeingiza noti kwenye pasi alilala kwake mapema.

Kule nilikotoka si peponi, wala sitaki tuige kila kitu. Uingereza imeweka viwango vyake tangu 1 Januari 2021, lita nne za pombe kali na lita 18 za mvinyo usio na mapovu, navyo ni vikubwa kuliko ninavyoona vinatufaa sisi. Jambo moja tu ningeliomba: kule msafiri anaweza kutamka na kulipia kilichozidi kwa intaneti, kuanzia siku tano kabla ya kufika, kisha akapita na uthibitisho wake kwenye simu. Sisi tunalipia umeme, maji, leseni na ada za vyuo kwa namba ya malipo inayoingia kwenye simu tukiwa tumeketi nyumbani. Uwezo tunao, na chupa ya wiski haina ugumu wowote unaozidi bili ya maji.

Kila siku tunakumbushwa kwamba ukiuza utoe risiti na ukinunua udai risiti. Muuza duka wa Manzese asiyetoa risiti ya soda anafungiwa biashara na kupigwa faini. Sharti hilo hilo liifikie meza ya ukaguzi, na lianzie pale, kwa sababu pale ndipo mgeni na mwenyeji wanapokutana na serikali kwa mara ya kwanza wakishatua. Ninaomba karatasi moja tu: lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo, viwango vya kodi tatu kwa mpangilio wake, mfano mmoja wa hesabu, na sentensi inayosema kwamba hakuna malipo yoyote yanayofanyika mezani bila namba ya malipo. Iandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani ataziona. Ubao wa kuibandika upo tayari nyuma ya meza ile, kati ya tembo na mifuko ya plastiki, na pini zake nne bado zimo.