"Ni upuzi tu"

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa saluni, Kondele, hapa Kisumu, nikisukwa. Stima ilikuwa imepotea tangu saa nne asubuhi. Waliotaka kukaushwa nywele walikuwa wameketi na taulo vichwani wakisubiri, na redio imenyamaza. Katika kimya hicho dada wa kiti cha pili akacheka. Kicheko chenyewe kilianzia puani, akakizuia, kikamshinda. Msusi wake akasimamisha mkono, akamwambia atulie asije akasukwa upogo.

Nikamuuliza, "Dada, unasoma nini?"

Akaigeuza simu kifudifudi pajani. "Ni upuzi tu."

Ilikuwa riwaya. Mapenzi, mama mkwe mwenye visa, na bwana harusi aliyejificha stoo. Mtu alimtumia kwa WhatsApp, faili ya kurasa mia tatu na ushei, naye alikuwa amefika ukurasa wa 214 tangu Alhamisi usiku. Mtu ana kazi, ana watoto wawili, anameza kurasa 214 kwa siku mbili, halafu ananiambia ni upuzi.

Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe ni mwongo wa aina hiyo hiyo. Mezani pangu kazini pana kitabu kinene cha Kiingereza cha historia ya uchumi, jalada gumu, maandishi ya dhahabu mgongoni. Mtu akiniuliza nasoma nini siku hizi, nakionyesha kwa kidevu. Nimo ukurasa wa 31 tangu Januari. Usiku watoto wakishalala nasoma vitabu vingine kabisa, na hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kuniona navyo.

Kwa hiyo nikajipa kazi ya wiki mbili: kila niliyekutana naye, na tukiwa tunaheshimiana vya kutosha, nilimuuliza anasoma nini kweli. Hilo neno "kweli" lilibadilisha majibu sana. Bila hilo, watu hukutajia kitabu wanachodhani kitawaongezea kimo. Ukilitia, mtu hutazama pembeni kwanza, hutabasamu, kisha hukwambia. Watu wa huku tunasoma kuliko tunavyokiri. Tunachokosa ni ujasiri wa kutaja kilichotufurahisha, na kitabu kilichotajwa kwa ajili ya heshima hakijawahi kumtia mwenzio hamu ya kusoma.

Ugonjwa huu naamini tuliuambukizwa shuleni. Riwaya ya kwanza ya Kiswahili ambayo wengi wetu tuliimaliza ilikuja na maswali mgongoni. Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4. Jadili sifa sita za mhusika huyu. Ukisharudisha karatasi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, unamgawia ndugu yako kitabu au unakiuza, na huko nyuma unabaki na imani kwamba kusoma hadithi ni kazi ya kutafuta maudhui. Msichana wa jirani yangu yuko kidato cha nne. Nilimuuliza swali langu akanijibu kama anayejibu mwalimu: "Auntie, Bembea ya Maisha." Ni tamthilia ya Timothy Arege, wameisoma darasani. Nikamwambia sawa, na kweli je? Akacheka akasema usiku anasoma hadithi za vampaya kwenye simu ya mamake, na mamake hajui. (Mama, kama unasoma hapa, sikusema ni mtoto wa nani.)

Lakini mwalimu akishaondoka darasani, kitabu hubaki peke yake na msomaji, na hapo mambo mengine hutokea. Nina ushahidi. Jumapili ya kwanza ya zile wiki mbili nilikwenda soko la Kibuye kutafuta mapazia. Katikati ya mitumba ya suruali na mitumba ya viatu, mzee mmoja hutandika gunia na kupanga vitabu vikuukuu, na hukaa na karatasi ya nailoni miguuni, tayari kuvifunika mvua ikitisha. Kwake nilipata nakala ya Siku Njema ya Ken Walibora kwa shilingi 100, jalada limeshikwa na selotepu.

Kwa asiyeijua, hiyo ni riwaya ya mwaka 1996, hadithi ya Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga anayefunga safari kumtafuta baba yake, na safari hiyo inamfikisha huku kwetu, hadi Kitale. Nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa msichana, hilo neno "Kitale" lilinishtua kuliko kifo chochote cha mhusika. Nilizoea riwaya za Kiswahili zenye minazi, majahazi na baraza za Unguja. Sikujua kwamba Kiswahili kile kizuri kiliruhusiwa kufika kwenye mahindi. Wenzetu wa pwani hututania kwamba Kiswahili kilipanda treni Mombasa, kikafika Kisumu kimechoka. Walibora alikuwa mtu wa upande huu wetu, alikulia Bungoma na Trans Nzoia, na alikiandika kama mtu aliyekirithi. Alipofariki Aprili 2020, baada ya kugongwa na matatu Nairobi, nilikuta watu ambao hawajafungua riwaya tangu shule wakikumbushana majina ya wahusika wake.

Sasa ile nakala ya Kibuye. Imepita mikononi mwa wanafunzi watatu angalau, kwa sababu ina mwandiko wa aina tatu. Wa kwanza ni wa kalamu ya buluu, herufi zimelala upande mmoja: "Tashbihi." "Taswira." "Maudhui: umaskini." Ameipigia mistari karibu kila sentensi, hata zile za kusema mtu alifungua mlango. Wa pili ni penseli, mvivu, ameandika mara tano tu katika kitabu kizima, na mara mbili kati ya hizo ni nambari za simu. Wa tatu ana kalamu nyekundu. Yeye hakuandika tashbihi wala maudhui. Kwenye ukurasa mmoja ameandika "maskini!" Kurasa kumi mbele, "huyu simwamini." Na karibu na mwisho, pembeni kabisa, kwa herufi ndogo kama anayeogopa kuonekana, "nimelia." Hakuna mtihani unaotoa alama kwa hilo. Nimemfikiria huyo mtu sana. Kama angeulizwa siku ile shuleni anasoma nini, angejibu "setibuku", yaani kitabu cha mtihani, na pengine angesema kwa sauti ya kuchoka.

Turudi kwa waliojibu. Wenzangu wa ofisini, wanaume hasa, wanasoma vitabu vya kufanikiwa: amka saa kumi, weka akiba, waache marafiki wasiokuinua. Sina ugomvi navyo. Ila naona watu huvisoma kama dawa ya minyoo, kwa kukunja uso, na sijawahi kuona mtu akicheka navyo saluni. Mmoja wao ameapa kumaliza vitabu 52 mwaka huu na ana jedwali kwenye kompyuta. Nilimuuliza cha kumi na saba kilisema nini. Akafungua jedwali.

Muuguzi ninayepanda naye matatu ya asubuhi anasoma hadithi za upelelezi, usiku wa zamu, wagonjwa wakitulia. Anasema akifika penye mauaji hugeuza kurasa haraka. Damu ameziona za kutosha. Anachotaka ni kujua nani mwongo.

Mjomba wangu wa Maragoli hasomi kipya. Yeye kila msimu wa uchaguzi ukikaribia huchomoa Betrayal in the City ya Francis Imbuga, tamthilia ya 1976, na kuwasomea vijana wake sehemu za kamati kwa sauti, akibadilisha sauti kwa kila mhusika. Imbuga alikuwa mtoto wa Maragoli, na mjomba humtaja kana kwamba walichunga ng'ombe pamoja. Nchi ya mle ndani inaitwa Kafira. Zipange upya herufi zake upate Afrika. Mjomba hulieleza hilo kila mara kama amelivumbua juzi, na sisi hushangaa kila mara, maana ndio adabu.

Mimi? Nimemaliza Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepewa tuzo ya Nobel 2021. Aliiandika kwa Kiingereza ikatoka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota wakaichapisha 2022. Ni habari za mtoto Yusuf anayetolewa na babake kwa tajiri Aziz kulipia deni, halafu anaingia bara na msafara. Kile cha Kiingereza nilikianza mara mbili nikakiacha. Cha Kiswahili nilikisoma kwa siku nne. Katika kile cha kwanza nilihisi kama namsikiliza jirani kupitia kwa mkalimani. Katika hiki, mkalimani ametoka nje akatuachia chumba. Ningekuonyesha sehemu ninazozipenda, lakini nilimwazima mtu nakala yangu, naye akahamishwa kikazi kwenda Eldoret na kitabu kikahamishwa naye. Anapokea simu zangu vizuri sana. Tunaongea habari za hali ya hewa.

Aliyenifundisha zaidi katika wiki zile mbili ni shangazi yangu, Waya, anayeishi Manyatta. Ni karani mstaafu, ana miwani miwili na yote haimtoshi. Nilimpelekea Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka 1986. Sikumweleza kitu, nilimwambia tu ni habari za msichana wa huku kwetu. Paulina ana miaka 16, mwaka ni 1956, anapanda treni Kisumu kumfuata mumewe Nairobi wakati wa hali ya hatari, na haupiti muda anapotea mjini. Waya alipiga simu siku ya pili kuniambia huyo mume ni mjinga. Siku ya tatu akapiga tena kunikumbusha kwamba ni mjinga. Nikajua kitabu kimemkamata.

Kisha kimya, siku tatu. Nikaenda kumwona. Nilimkuta kibarazani anachambua omena, na kitabu kimefunikwa juu ya kiti cha plastiki, kimewekewa risiti ya tokeni za stima kama alama. Alikuwa amefika 1969.

Kwa wadogo zetu: tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua ile hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ambayo mpaka leo wenyeji tunaiita Russia. Ilikuwa miezi michache baada ya Tom Mboya, waziri Mluo, kuuawa, na mji ulikuwa na hasira. Umati ukazomea, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa, na watoto wakiwemo. Katika riwaya, mmoja wa watoto hao ni wa Paulina.

Waya alikuwa darasa la pili. Hakwenda kuona msafara kwa sababu aliachwa nyumbani na mtoto mchanga. Aliniambia, akiendelea kutoa mawe kwenye omena, kwamba alisikia mlio akadhani wavulana wanarusha mawe juu ya mabati, akatoka nje kuwagombeza. Nje hapakuwa na mtu. Hilo ndilo analolikumbuka, njia tupu mchana, na ndara moja katikati ya njia. Nimekuwa mpwa wake maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuisikia hiyo ndara.

"Huyu mzungu alijuaje?" akaniuliza.

Nikamwambia Macgoye alikuja kutoka Uingereza 1954 kuuza vitabu vya misheni, akaolewa na Mluo 1960, akakaa na watu mpaka mwisho wake.

"Basi si mzungu. Ni mke wetu huyo." Akanawa mikono, akakichukua kitabu, akaniambia ninaweza kwenda.

Najua mtu ataniuliza habari za bei, na ana haki. Sheria ya VAT ya 2013 ndiyo iliyovitia vitabu kwenye kodi ya asilimia 16, na riwaya mpya dukani inashindana na unga. Ndiyo maana ya yule mzee wa Kibuye, na ndiyo maana ya faili za WhatsApp. Faili hizo zinamwibia mwandishi, sitalipaka hilo sukari. Lakini nisingeweza kumhubiria yule dada wa saluni siku ile, na kicheko chake kimemfanya msusi naye kuiomba hadithi hiyo. Nikimwona tena nitamwambia mwandishi ni nani na kitabu kinauzwa wapi, maana aliyemtumia faili aliukata ukurasa wa kwanza wenye jina.

Kile kinene cha uchumi nimekirudisha nyumbani. Mezani sasa pana Siku Njema yenye selotepu, na tayari watu wawili wamesimama kukifungua, mmoja akasoma maneno ya kalamu nyekundu akasema, "Kwani huyu alikuwa nani?" Jana Waya amepiga simu. Amekimaliza. Hakutaka tukijadili. Alitaka kingine, cha mambo ya huku huku, na akanionya: kisiwe na herufi ndogo.