Daraja la Mkapa halikumaliza tope la kusini
Eti sisi wa kusini mwa Tanzania tulifunguliwa siku Daraja la Mkapa, la mto Rufiji, lilipozinduliwa 2003. Si kweli. Daraja lilituondolea foleni ya pantoni, hilo nakubali, ila ukishavuka Rufiji ulikuwa unaanza Ndundu–Somanga, kilomita 60 hivi za udongo unaonata, na kipande hicho cha barabara ya Dar–Lindi ndicho kilichopata lami mwisho kabisa. Masika moja tulilala siku mbili ndani ya basi karibu na Nyamwage: utingo anakata matawi atandike chini ya matairi, sisi tunasukuma, viatu mkononi, na korosho nilizokuwa nawapelekea ndugu Dar zikageuka chakula cha jioni. Halafu Mei 2024 mafuriko yakaikata tena barabara pale Somanga! Nani mwingine alilala njiani enzi zile?