Mwamuzi Juu ya Robota

Ukiwa Mwafrika kule magharibi ya Kansas, watu wanakupa vyeo ambavyo hukuviomba. Mimi nilipewa cha ubingwa wa kuwinda. Jamani, nimezaliwa Manzese! Mnyama mkali niliyewahi kupambana naye ni kuku wa jirani mwenye vifaranga. Lakini kwenye shamba la ng'ombe nilikofanya kazi kulikuwa na wazee wawili, ndugu wa tumbo moja, ambao ubishi wao juu ya mbwa gani anafaa kuwinda koyote ulikuwa umeota mvi. Walikubaliana jambo moja tu: kijana wa Afrika ndiye awe mwamuzi.

Koyote ni ndugu wa mbweha wetu. Ana kilo kati ya 9 na 20, anakimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na ndama mchanga hamwachi hivi hivi.

Kaka mtu alikuwa mtu wa mbwa wa macho. Alikuwa na grehaundi, wanaofika karibu kilomita 70 kwa saa, ila pumzi fupi na ngozi laini. Akigusa seng'enge tu, andaa sindano na uzi. Ndiyo maana aliwachanganya na staghaundi, yaani grehaundi waliotiwa damu ya mbwa wa Uskoti wa kuwinda paa: manyoya magumu, pumzi ndefu, roho ya paka. Hawa hawahangaiki kunusa. Kinachokimbia ni chao.

Mdogo mtu alikuwa mtu wa pua. Alifuga Walker wa mtini, weupe wenye mabaka meusi na ya kahawia, sauti zao unazisikia kijiji cha pili. "Walitambuliwa rasmi mwaka 1945," aliniambia, kwa uso wa mtu anayetaja mwaka wa ndoa yake. Kaka yake akaangua kicheko. Hao, alisema, kazi yao ni rakuni, kale kanyama ka Marekani kanakopanda miti: wampandishe mtini, wabweke chini mpaka mwenye bunduki afike. "Koyote kapanda mti lini?" Moyoni nikaona mzee ana hoja. Wapo Walker wa kukimbiza tu, wasio na habari na miti, lakini mdogo mtu hakutaka kusikia.

Tukatoka asubuhi moja ya Januari, baridi ya kukata masikio. Mimi na kaka mtu kwenye pikapu, nyuma kuna kasha la mbwa ambalo milango yake inafunguka kwa kamba anayoivuta dereva. Mdogo mtu akafuata na gari lake. Kahawa ya Wamarekani ni nyepesi, unakunywa ndoo nzima bila kujua. Nikaomba kushuka kuchimba dawa.

Sasa, huwezi kuchimba dawa mbele ya wazee, na Kansas ile haina hata kichuguu cha kumsitiri mtu. Nikatembea weee, nikapata kibonde, nikachuchumaa.

Hatua chache kutoka magotini pangu, majani yakainuka. Yalikuwa na masikio.

Koyote akakimbilia kwake, mimi nikakimbilia kwangu, mkono mmoja umeshika suruali. Nikasikia milango ya kasha: kla! kla! Wale mbwa wakaona wakimbiaji wawili, wakapiga hesabu, wakamchagua wa polepole.

Mbele kulikuwa na robota la nyasi, lile la mviringo, refu kunipita. Sijui nililipandaje. Najua tu kwamba staghaundi alibaki na kipande cha koti langu. Dakika haijapita Walker nao wakafika, wakasimama kwa miguu ya nyuma, wakaninyooshea pua juu na kubweka kwa furaha kubwa. Kwa mara ya kwanza siku ile walikuwa kazini.

"Umeona?" mdogo mtu akapaza sauti akishuka garini. "Nani alisema hawafai?"

"Waliomfikisha hapo ni wangu!"

"Wako wamekaa chini wanahema! Mwamuzi, toa hukumu."

"Nishusheni kwanza, wazee wangu."

"Hukumu kwanza."

Nikamchagua staghaundi. Mdogo mtu akanuna, akarudi garini kunywa kahawa, na mbwa wake hakuwaita.