WOW ya dola 400

Jamani, kuna watu waliwahi kutozwa faini kwa kushangaa. Jimbo la Rhode Island, huko Marekani, lilikuwa na sheria ya tangu 1956: duka la pombe lisitangaze bei popote, isipokuwa kwenye vibandiko vya humo dukani, navyo visionekane barabarani. Bei ya chupa inasitiriwa kama chupi!

Mwaka 1991 duka la 44 Liquormart likatoa tangazo gazetini. Bei ya karanga ipo. Ya krispi ipo. Ya Schweppes za kuchanganyia ipo, maana hizo ruksa. Kwenye picha za vodka na ramu, hakuna hata senti. Kuna neno moja tu, herufi kubwa: WOW. Washindani hao, mbio, kwenda kuchongea. Msimamizi wa vileo akaamua kwamba kushangaa huko ni kusema bei ni ya chini. Dola 400! Herufi tatu, kila moja imevuka dola 133.

Duka likalipa, kisha likashtaki. Hapo ndipo kwenye mtihani wa maswali manne, ambao mahakama hupimia kama katazo la tangazo la biashara linavunja uhuru wa kusema, uliotokana na kesi ya 1980 ya kampuni ya umeme ya Central Hudson, New York. Biashara ni halali na tangazo halidanganyi? (Ukifeli hili, mengine hayasomwi.) Serikali ina sababu nzito? Katazo linaisaidia kweli sababu hiyo? Limezidi kiasi kinachohitajika? Mgombea akiahidi ajira kwa kila mtu, nani anamuuliza hayo? Manne yote ni ya muuza karanga!

Jimbo likasema linataka watu wanywe kidogo. Haya, si lingepandisha kodi tu? Mei 1996 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria. Miaka 40 mtu analinganisha bei kwa miguu, duka hadi duka. Kiu gani inasubiri hivyo?

Na hao afadhali. Mwaka 1940 bwana mmoja alipeleka nyambizi kuukuu New York, watu waitazame kwa kiingilio. Vipeperushi vya biashara barabarani, marufuku; vya malalamiko, ruksa. Akachapa pande mbili: huku nyambizi, huku anailalamikia idara ya bandari iliyomnyima gati. Polisi wakamwambia lalamiko peke yake agawe, likiwa na tangazo mgongoni, hapana. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu ikakubaliana na mji. Sasa karatasi moja ataibanduaje, kama chapati ya kusukuma?