Nani ana haki ya kukata ratiba ya TBC1?

Mama yangu mkubwa kule Korogwe huwasha runinga alfajiri, na haizimi mpaka anapokwenda kulala. Si kwamba anaitazama muda wote. Anapukuchua mahindi, anachambua mchicha, anapokea simu za wajukuu, na TBC1, chaneli ya taifa, inaendelea pembeni yake: magazeti ya asubuhi, mazungumzo na daktari, ngoma, Bunge likiwa kwenye kikao, hadi taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Siku moja nikiwa naye alinyamaza ghafla, gunzi mkononi. Mtaalamu wa kilimo alikuwa akionyesha kinyesi cha viwavijeshi vamizi kwenye moyo wa mmea wa mahindi, kitu kama unga wa mbao uliolowana. "Kumbe ndiyo ile," akasema. Akaweka gunzi chini, akatoka kwenda shambani nyuma ya nyumba.

Kipindi kile hakukitafuta. Kilimkuta ameketi akisubiri kingine. Na hata angekuwa na simu kubwa yenye bando la kutosha, angetafuta nini, wakati jina la mdudu mwenyewe halijui? Hapa ndipo naona thamani ya chaneli ya taifa inayochanganya mambo kutwa nzima. Mtandaoni unapata ulichoomba. TBC1 inakupa pia ambacho hukujua kwamba unakihitaji.

Lakini wanaotaka mchanganyiko huo uvunjwe, kila jambo lipewe chaneli yake, wana hoja nzito, na sitaki kuzipita juujuu. Kwanza, sababu ya kiufundi ya kubanana kwenye chaneli moja haipo tena. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, masafa yaliyokuwa yakibeba chaneli moja yanaweza kubeba kadhaa. TBC wenyewe, shirika la utangazaji la taifa, wameshaonyesha njia: utalii ulipewa Safari Channel mwaka 2018. Pili, watazamaji wengi wamekwisha kugawanyika. Mpenzi wa mpira yuko Azam, runinga ya kulipia, ambao mwaka 2021 walisaini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu kwa Sh225.6 bilioni. Kijana wa mjini yuko kwenye simu. Ukimwambia asubiri mapishi yaishe, halafu mjadala wa mazingira, ndipo aone anachokitaka, hasubiri.

Nakubali yote hayo, isipokuwa hitimisho lake. Tuseme ziwe chaneli tano: zinahitaji vipindi vya kujaza saa za chaneli tano, na vipindi vinatengenezwa na watu, magari na kamera. Shirika likigawanya kidogo lilichonacho, tutaishia kuona marudio kwenye chaneli zote tano. Tena kuna nyumba nyingi ambazo kifurushi kikiisha katikati ya mwezi, kinachobaki kwenye king'amuzi ni chaneli za bure. Kwa nyumba hizo chaneli ya taifa ndiyo runinga yote waliyonayo. Ikiwa ya jambo moja tu, basi nao wamebaki na jambo moja.

Udhaifu wa kweli wa mchanganyiko, kwa maoni yangu, uko kwenye ratiba. TBC ni mrithi wa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), iliyounganishwa na Televisheni ya Taifa mwaka 2002 kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania (TUT), kabla ya jina la TBC kuja mwaka 2007. Waliokua na RTD wanakumbuka kipindi cha watoto cha Mama na Mwana cha Debora Mwenda, wanakumbuka kipindi cha Wakati wa Kazi. Ilikuwa redio moja yenye kila kitu, lakini kila kitu kilikuwa na saa yake, na watoto waliijua saa hiyo bila kutazama ukutani. Mchanganyiko unakubalika pale tu mtu anapojua zamu yake itafika.

Sasa njoo kwenye matangazo ya mubashara, ambayo ndiyo yanayoikata ratiba hiyo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu. Machi 2021, Rais Magufuli alipofariki, hakuna aliyetarajia kuona katuni siku zile za kuaga mwili na mazishi ya Chato. Tukio la namna hiyo linaikata ratiba kwa haki kabisa. Uzinduzi wa jengo si tukio la namna hiyo. Hotuba yake ya saa mbili inaweza kuingia kwenye habari ya dakika tatu, na mwananchi asipoteze kitu.

Ajabu ni kwamba kanuni hii ya kubana muda tuliwahi kuisikia ikitumika kwa Bunge. Januari 2016 Nape Nnauye, akiwa Waziri wa Habari, alilitangazia Bunge kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa kuwa gharama ilifika Sh4.2 bilioni kwa mwaka. Wapinzani walikataa na kikao kikavurugika. Badala yake kikaja kipindi cha usiku, Leo katika Bunge. Nitasema lililo na uzito upande wa Serikali: bajeti inajadiliwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na vikao vya asubuhi na jioni vinameza siku ya chaneli karibu yote. Watoto, wakulima, wote wanasubiri. Lakini muhtasari wa usiku una mkono wa anayekata na kuchagua, na mwananchi hana njia ya kujua kilichoachwa. Ukiniuliza Bunge liwekwe wapi, nitasema hapa ndipo chaneli ya pili inapohitajika kuliko utalii: Bunge lipate nafasi yake nzima, na TBC1 ibaki na siku yake.

Kuna na jambo dogo ambalo halihitaji bilioni. Kipindi cha kilimo kikiahirishwa, maandishi yapite chini ya kioo yakisema kitarudi siku gani, saa ngapi. Mama mkubwa atakuwa amekaa palepale, na safari hii atakuwa amekisubiri.