Kabla ya kulipa ada ya udereva, omba kukaa siti ya nyuma

Mtu akitaka kujifunza gari hapa Dar, swali la kwanza huwa ni shule gani, na la pili bei gani. Ndugu wanamtajia majina, kila mmoja na lake, mwishowe anaishia kwenye ile iliyo karibu na kituo anachoshukia daladala. Mimi naona tunahangaika na kitu kisicho na uzito. Shule haikai siti ya kushoto. Anayekaa pale ni mwalimu, na ndani ya shule moja, bango moja, magari ya rangi moja, utakuta mwalimu wa kumwachia mwanao na mwingine ambaye hata kuku usingempa akupelekee sokoni.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, omba kukaa siti ya nyuma mwanafunzi mwingine akiwa anafundishwa. Kipindi kimoja tu. Shule inayojiamini haitakukatalia. Inayokwambia "lipia kwanza, utaona mbele ya safari" imeshakujibu.

Ukishakaa huko nyuma, usimwangalie mwanafunzi. Angalia miguu ya mwalimu. Gari la shule linatakiwa liwe na breki upande wa mwalimu pia, na mengi yana klachi kabisa. Pedali hizo zinaokoa maisha, sina ubishi. Lakini ndizo pia zinazotengeneza madereva hewa. Mwanafunzi anaachia klachi vibaya, mwalimu anaikanyaga ya kwake. Mwanafunzi anachelewa breki, mwalimu keshaikanyaga. Gari linakwenda kama maji, mwanafunzi anashuka anacheka, anapiga simu nyumbani kwamba ameiva. Hajaendesha. Amepewa usukani ashike. Siku atakayokaa peke yake kwenye gari la shemeji ndipo atakapojua.

Nilimsindikiza mpwa wangu kutafuta mwalimu, tukapanda nyuma ya gari la shule moja ambapo mwanafunzi alikuwa mama wa makamo. Tukafika mataa ya Mwenge. Taa ikawaka kijani, mama akaachia klachi kwa pupa, gari likaruka kidogo, likazima. Mnazijua honi za daladala za pale. Mwalimu hakusogeza hata kidole cha mguu. Akasema, sauti ileile aliyokuwa anaongea nayo tangu mwanzo: "Tulia, mama. Honi haigongi mtu. Klachi mpaka chini. Toa gia. Haya, washa." Taa ikarudi nyekundu tukiwa palepale. Konda mmoja akatupitia pembeni na maneno yake. Tulipovuka, mwalimu akamwelekeza apaki kando, ndipo akauliza: "Unadhani kwa nini limezima?" Mama akafikiri, akajieleza mwenyewe, akajibu sawasawa. Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, ni huyuhuyu." Nami sikuwa na la kuongeza.

Sikiliza na mdomo wake. Mwalimu mbovu huongea baada ya tukio: "Breki! Breki! Kata! We vipi?" Mzuri huongea kabla. Mita kadhaa kabla ya zebra anakuuliza unaona nini mbele, ili wewe ndiye useme kuna watoto wa shule wanataka kuvuka na unapaswa kusimama wapite. Mkikaribia kipilefti anakuuliza nani apite kwanza, na hakubali ujibu "mwenye gari kubwa." Anataka useme anayetokea kulia kwako. Halafu anakuuliza kwa nini. Kuna walimu, tena wengi, wanaofundisha kwamba ukiwa na kibao cha L ingia tu, watakupisha. Bodaboda hawajui hiyo habari.

Na hapo kwenye bodaboda nikazie. Katika jiji hili pikipiki inakupita kulia, inakupita kushoto, na ukiwa kwenye foleni inapita katikati. Mwalimu asiyekufundisha kutazama kioo cha kushoto kabla ya kukata kona ya kushoto anakufundishia mji mwingine. Hicho kitu kimoja kingenitosha kumkataa, hata kama ni mpole, hata kama ana vyeti vinajaza ukuta. (Cheti cha ualimu uombe pia. Kujua kuendesha na kujua kufundisha ni kazi mbili, na dereva wa lori mwenye miaka 20 barabarani anaweza kuwa mwalimu wa hovyo kabisa.)

Halafu kuna walimu wa mtihani. Hawa wanajua trafiki atakuuliza nini na atakupitisha wapi, basi wanakukaririsha hayo hayo. Rivasi wanakufundisha kwa alama: mlingoti ukionekana kwenye kona ya kioo cha nyuma, kata usukani wote, ukiona wa pili, nyoosha. Utapaki vizuri sana, ndani ya gari lilelile, uwanja uleule. Ukipewa gari refu kidogo unagonga ukuta. Muulize mwalimu atakutoa uwanjani lini na kukupeleka wapi. Jibu lenye barabara ndani yake, kwa mfano kupanda kilima cha Chuo Kikuu ukisimama katikati na kuondoka kwa hendibreki bila gari kurudi nyuma, hilo ni jibu. "Taratibu utazoea" si jibu.

Kuna jambo la muda pia. Ada inaandikwa kwa wiki au kwa saa, lakini saa hiyo wanapakiwa wanafunzi wanne kwenye gari moja. Kukaa nyuma ukitazama wenzako kuna faida, mimi mwenyewe nakushauri uanze hivyo. Ila hukulipia kutazama. Uliza kwa siku unashika usukani dakika ngapi wewe peke yako, na wakutajie namba.

Kwa dada zangu, moja bila kuzunguka: mkono wa mwalimu hauna kazi juu ya mkono wako kwenye gia. Gia unaonyeshwa gari likiwa limesimama, kwa mdomo na kwa mkono wake peke yake. Akiuweka mara ya pili baada ya kumwambia, kipindi kimeisha, shuka.

Mume, kaka au baba kukufundisha? Mimi siafiki, angalau mwanzoni. Gari la nyumbani halina breki ya pili, na ugomvi wa klachi unaingia mpaka mezani usiku. Baadaye, ukishaiva na ukiwa na karatasi zako za kujifunzia, akusindikize tu.

Anayekuahidi siku saba umeiva, au kwamba mtihani usikutie presha kwa sababu leseni "itakuja," huyo hata chai usinywe naye.

Na kama umeshalipa ndipo unagundua mwalimu hafai, usivumilie kwa sababu ya aibu. Nenda ofisini, sema: "Naomba nibadilishiwe mwalimu, hatuelewani." Huna haja ya kumchongea wala kutoa hotuba, shule nyingi wameshazoea, wanakupa mwingine. Nenda na risiti, na kabla hujatoka hakikisha saa zako zilizobaki zimeandikwa kwenye daftari lao, siyo kichwani mwa yule uliyemkimbia.