Protini Ipo, Lakini Iko Wapi?

Ninafundisha biolojia hapa Kisumu, na naamini kwamba kupima kiasi cha protini ndani ya seli bila kuuliza inakaa wapi ni kuiacha kazi njiani.

Chukua PINK1 na Parkin, protini ambazo jeni zake zikiwa na kasoro humletea mtu ugonjwa wa Parkinson mapema, hata kabla ya kufika miaka 40. Seli ikiwa salama, Parkin hutawanyika katika saitoplazimu, yaani ute unaojaza seli, nayo PINK1 huvutwa ndani ya mitokondria, vijisehemu vinavyoipa seli nishati, ikakatwa na kuharibiwa mara moja. Mitokondria inapopoteza chaji ya utando wake, PINK1 hukwama juu ya utando wa nje, ikarundikana na kuiita Parkin, ambayo huitia mitokondria hiyo alama ili ipate kuondolewa.

Huku kwetu magharibi, nyumba ikishika moto usiku mtu hupiga nduru, na majirani hutoka mbio na ndoo. Pasipo nduru, majirani wapo na nguvu wanazo, ila kila mmoja amelala kwake. Ndivyo Parkin inavyokuwa PINK1 ikikosekana, jambo ambalo watafiti walilionyesha mwaka 2010.

Darasani niliwaonyesha picha mbili za darubini, Parkin ikiwa imetiwa rangi ya kijani. Katika ya kwanza kijani kilikuwa kimejikusanya kuizunguka mitokondria iliyoharibiwa kwa kemikali. Katika ya pili, ya seli zisizo na PINK1, kilikuwa kimetanda kote kama ukungu. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, hapa Parkin imepungua?" La, haijapungua, imekosa kufika.

Tahadhari ninayoisisitiza ni kuhusu seli zenyewe. Seli za maabara ziitwazo SH-SY5Y, zinazotumika sana katika kazi hii, chanzo chake ni saratani ya mtoto wa kike wa miaka 4, na ingawa zikipewa kemikali iitwayo asidi ya retinoiki huota vijinyuzi kama vya neva, si neva za ubongo wa mgonjwa. Tena mara nyingi Parkin huongezwa humo kwa wingi usio wa kawaida, na mwandishi mwaminifu hana budi kulitaja hilo.

Siku hizi kila mwanafunzi wangu huchora seli kwanza, akaiweka Parkin mahali anapodhani ipo, kisha ndipo anapoandika kiasi chake.